Bwana wa Kaskazini Alipokataa Kahawa

Tulipomzika Shangazi Domitila mwezi uliopita kule Mabira, nilikwenda kukaa na akina mama nyuma ya nyumba, kwenye moshi, kwa sababu huko ndiko wanakokaa watu wenye habari. Kisu mkononi, ndizi za kumenya mbele yangu, machozi hayajakauka vizuri, mama mmoja wa makamo akanisogelea na kigoda chake. Akanipa pole, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia hali ya mgonjwa: “Hivi Jovitha, yule binti aliyenyweshwa sumu akarudi kuwa mdogo, mwishowe aliwasamehe wale watu?” Nikamwambia hakumsamehe hata mmoja, aliwanyang’anya mashamba yote na jumba lao. “Afadhali,” akasema, akachukua ndizi nyingine. Wenzake wakaguna kwa kuridhika. Mimi nikacheka, msibani, kwa sauti, na hakuna aliyenikemea, maana wote pale walikuwa wakijua tunazungumzia nini.

Tulikuwa tunazungumzia katuni. Si zile za watoto. Ni zile ndefu za kusoma kwenye simu, unavuta kwa kidole kuelekea chini, zenye mabinti wa kifalme na wa makabaila, magauni ya mapindo yasiyo na idadi, na wanaume wenye nywele nyeusi na roho ngumu. Nimezisoma tangu mwaka ule niliokaa Mabira na ninazisoma hadi leo. Nikiwa kwenye foleni ya hospitali nasoma. Mwanangu akilala mchana nasoma. Mume wangu huniuliza kwa nini mtu mzima mwenye kazi yake anahangaika na mahari ya watu wasiokuwepo duniani. Nimeacha kumjibu. Jibu langu ni refu, linaanzia kwenye nyumba ya baba mkubwa Salvatory, mwaka niliomaliza kidato cha nne.

Nilikuwa nasubiri matokeo, kwa moyo wa mtu anayejua vizuri alichokiandika kwenye mtihani wa hesabu. Kwetu waliona badala ya kukaa nikihesabu siku, niende nikasaidie kazi ya kahawa kwa baba mkubwa, aliyekuwa amefiwa na mke. Nyumba yake ilishikwa na Shangazi Domitila, dada yao mdogo, ambaye hakuolewa. Nilipewa nafasi kwenye chumba cha Editha, binti wa baba mkubwa, fundi cherehani. Chumba kile bado nakisikia puani: mafuta ya cherehani, vitambaa vipya vya kitenge, na kahawa mbichi iliyohifadhiwa kwenye magunia upande wa pili wa ukuta. Cherehani ilikaa chini ya dirisha, kitanda kilikaa palipobaki. Editha alikuwa na simu pana iliyopasuka pembeni, na yeye ndiye aliyenionyesha katuni zile, kwa sababu ya magauni. Alikuwa akizitazama kutafuta mishono. Kiingereza hakikumtosha kusoma, nami changu kilikuwa kimetoka shuleni juzi, bado kina joto. Mtandao ulipatikana juu ya kichuguu, karibu na mikeka ya kuanikia kahawa. Basi nikawa nageuza kahawa juani, napanda kichuguu, nasoma, nashuka, nageuza tena, na jioni namsimulia Editha huku akikanyaga cherehani.

Nitasema ukweli wangu kuhusu katuni hizi, kwa kuwa nimeshafika umri wa kusema. Nyingi zinafanana. Binti ni wa ukoo mkubwa, baba hamjali, mama wa kambo ana chuki, ndugu wa kambo ana sauti tamu. Mchumba anamwacha mbele ya wageni wote, kwenye dansi, taa zimewashwa. Anauawa, halafu anaamka akiwa mdogo, anakumbuka kila kitu, na safari hii hadanganyiki. Hapo ndipo anapokwenda kwa yule bwana wa kaskazini, mtu wa theluji, ambaye kila mmoja anamwogopa, anamwambia: nioe, kwa mkataba. Mimi sijali sana mapenzi yao. Ninachokipenda ni yule binti anapofungua ghala la baba yake akagundua ngano imeibwa, au anapomketisha mgeni mkorofi mahali palipo chini ya hadhi yake, naye mgeni anaelewa na hawezi kulalamika. Binti wa kulialia simtaki. Nampa sehemu tatu nne ajirekebishe. Asipojirekebisha, namwacha na machozi yake. Na yule anayeitwa mbaya wa hadithi, mwenye nyusi kali na gauni jekundu, mara nyingi ndiye pekee mwenye akili kwenye jumba zima.

Ilikuwaje hadithi za chumbani zikafika kwa akina mama? Ni ndizi zilizofanya hivyo. Jirani alikuwa na harusi, na harusi kwetu ina maana ya lundo la ndizi linalomzidi mtu kimo, na wanawake wanaolizunguka tangu asubuhi, mikono imepakwa mafuta ili utomvu usishike. Kazi ile haiendi bila maneno. Umbea wa kijiji ulipoisha, Editha akanisukuma kiwiko: “Wasimulie yule wa sumu.” Nikaanza kwa Kiswahili, pale kilipokwama nikaingiza Kinyambo, lugha ya kwetu. Sikufika mbali. Nilipotamka kwamba bwana wa kaskazini, baada ya ule mkataba, alikwenda kumposa binti kwao, mama mmoja akaniwekea kisu mbele: “Ngoja kwanza. Muziro wake ni nini?” Nikasema mwiko wa ukoo wake hawausemi. “Sasa watajuaje kama si ndugu? Huko wanaoana tu?” Mwingine akataka kujua mshenga alikuwa nani. Nikasema hakuna mshenga, bwana amekuja mwenyewe, juu ya farasi. “Maskini,” akasema mama yule wa kwanza, “kumbe hana watu.” Na kuanzia hapo yule bwana mwenye majeshi na majumba alihurumiwa Mabira nzima kama yatima.

Mwenye maoni makali zaidi alikuwa Bibi Koku. Aliolewa Mabira lakini kwao ni Bweranyange, palipokuwa na makao ya watawala wa zamani wa Karagwe, na jambo lolote la ikulu alilichukulia kuwa la nyumbani kwao. Nilimwonyesha picha ya binti mtukufu, kiuno chembamba cha kushikika kwa kiganja. Akaisogeza simu mbali, akaileta karibu. “Huyu ni mtumishi.” Nikamwambia la, Bibi, huyu ndiye binti wa bwana mkubwa. “Haiwezekani. Bibi yangu alisimulia wake wa Omukama, mfalme wetu, walivyokuwa. Walinyweshwa maziwa mpaka kuinuka chini wanasaidiwa. Hapo ukimwona mtu unajua kwao kuna ng’ombe. Huyu wako kwao wanalala njaa.” Nikamwonyesha meza yao: keki ndogo na chai. Akatikisa kichwa kama aliyethibitisha. Baadaye nilipomwambia kwamba binti huyohuyo anakohoa damu, hakushangaa hata kidogo.

Akina mama walipozoea kuja kwetu jioni kusikiliza, Shangazi Domitila hakukaa nasi. Alikaa kwenye ngazi ya jiko akichagua maharage kwenye ungo, mgongo umetugeukia, na kila mara alitupa neno moja la kutuvunja moyo. Kwamba tunapoteza mafuta ya taa kwa mambo ya Wazungu wa kuchora. Kwamba mtu aliyekufa amekufa. Lakini nilipojaribu siku moja kuruka kipande, kwa kuwa kilinichosha, sauti ikatoka kwenye ngazi: “Na yule mjakazi aliyefichwa kwenye stoo je? Umemwacha humo?” Nikarudi kumtoa mjakazi.

Siku hizi huwa nasoma maoni ya wasomaji wenzangu duniani, yale yanayoandikwa chini ya kila sehemu. Wanabishana nani mzuri, bwana wa kaskazini au mwana wa mfalme. Akina mama wa Mabira hawakuwahi kubishana hivyo. Walibishana nani alimkaribisha nani, kwa chakula gani, nani aliketi kabla ya mwenye nyumba, na nani alikataa kikombe. Nadhani walizielewa katuni zile kuliko wasomaji wote niliowaona, kwa sababu ndani yake vita vyote vinapiganwa kwa chai na viti, na hiyo ni elimu ambayo Mabira walikuwa nayo kabla simu hazijaja.

Wakati huo Editha alikuwa na mtu wake, Projestus wa Rugu, mwendesha bodaboda aliyepita Mabira mara nyingi kuliko abiria walivyohitaji. Sijawahi kuona kijana mwenye maneno kama yule. Alisalimia wazee, watoto, akauliza habari za ng’ombe kwa majina. Abiria wake walichelewa kwa sababu ya shikamoo zake. Editha alimpenda kupita kiasi, ingawa mbele ya watu alijifanya hamjui. Dada yake Projestus, Levina, alikuwa ameolewa jirani yetu na alimenya ndizi pamoja nasi. Siku moja nilikuwa nasimulia namna bwana wa kaskazini alivyoingia kwenye dhifa: hasalimii, amevaa glovu nyeusi, anasimama dirishani, wanampelekea kinywaji anakataa kwa mkono bila kugeuka, na wasichana wote wanazimia. Editha, sindano mdomoni, akasema tu kwa kupitisha muda, “Huyo ndiye mwanaume. Hasemi hovyo.” Tulicheka. Levina hakucheka, alikuwa anasikiliza kwa makini sana.

Posa ikaja msimu wa kahawa ulipokuwa unaisha. Shangazi alitandaza nyasi mbichi sebuleni na chumba cha ndani, juu ya sementi, kama ilivyokuwa zamani, nyumba ikanukia shamba. Mimi na Editha tukawekwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, mahali pa mwali. Tukawasikia wageni wakipiga hodi, tukasikia mshenga wao, mzee mwenye sauti nzuri, akiomba radhi kwa kuingilia mji wa watu. Editha alikuwa akitabasamu peke yake. Kisha tukachungulia, na tabasamu likaisha. Projestus alikuwa amevaa koti jeusi limefungwa vifungo mpaka shingoni, kwa jua lile, na mikononi amevaa glovu zake za kuendeshea pikipiki. Hakumwamkia mtu. Wakwe watarajiwa huketi kwenye mkeka. Yeye alikwenda kwenye kiti cha dirishani akawa anatazama mbuzi. Jasho lilimtiririka. Mshenga wake alimtazama kama mtu aliyepanda gari moja na mgonjwa asiyemjua.

Baba mkubwa, kwa ustahimilivu, akaagiza kahawa ya kutafuna. Hili lieleweke kwa asiyetoka kwetu: kikapu kidogo cha buni zilizochemshwa na kukaushwa kinapitishwa, kila mgeni anachukua chache, anatafuna. Ukichukua, umekubali nyumba. Kikapu kikamfikia Projestus. Akainua mkono wenye glovu, akakisukuma, hakugeuka.

Baba mkubwa hakupandisha sauti. “Mzee mwenzangu,” akamwambia mshenga, “kahawa ya mtu hukataliwa na anayeogopa sumu, au aliyekuja kutukana. Sitaki kujua huyu ni yupi. Chukua watu wako. Tumeonana.” Editha alinishika mkono, kucha zikaniingia. “Ni Levina,” akanong’ona. “Levina amempelekea habari za yule wa kaskazini.” Akakaa chini kwenye nyasi na gauni lake lote, akalia bila sauti. Alijua kama nilivyojua mimi: baba mkubwa hakuwa mtu wa kusema neno mara mbili, na posa iliyovunjika kwenye kahawa hairudishwi na mshenga yeyote. Kama wale watu wangevaa viatu na kuondoka, Projestus angekuwa amekwisha kwa Editha, maisha yote.

Binti hawezi kujitokeza mbele ya wageni akajieleza. Mimi ndiyo kabisa. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikakimbilia jikoni. Shangazi alikuwa anapakua. “Shangazi, Projestus amejifanya yule bwana wa kaskazini. Baba mkubwa amewafukuza.”

Akasimama na mwiko mkononi. “Amekataa kahawa?”

“Ndiyo, Shangazi.”

“Mjinga. Hata yule wa kaskazini alikunywa chai mwishoni, binti alipomsemesha.” Akaweka mwiko, akafuta mikono kwenye kanga, akaifunga upya kiunoni, akaingia.

Nilirudi kwenye pazia nikamkuta Shangazi amepiga magoti, anawaamkia wageni mmoja mmoja kama vile hakuna kilichotokea, na wao, wakiwa nusu wamesimama, walilazimika kuitikia. Hiyo peke yake iliwachelewesha. Kisha akamgeukia baba mkubwa. “Kaka, naomba neno kabla hawajavaa viatu. Huyu kijana hana dharau. Ana ujinga, na ujinga una dawa.” Akaeleza. Aliieleza hadithi kwa kifupi na bila kosa: dhifa, glovu, dirisha, kikombe. Wazee walimtazama kama anayewasomea habari ya nchi nyingine.

“Picha?” akauliza baba mkubwa. “Amekataa kahawa yangu kwa ajili ya picha za kwenye simu?”

“Kwa ajili ya binti yako. Alidhani ndivyo anavyopenda.”

“Na ni kweli wanaume wa huko ndivyo walivyo,” akadakia Bibi Koku kutoka pembeni, alikokuwa amekaa kama mzee wa ukoo. “Nimewasikia wote. Hata salamu hawana.”

Projestus alikuwa ameshageuka kutoka dirishani. Glovu moja ilikuwa imevuliwa, nyingine imemng’ang’ania. Uso wake ulitia huruma. Baba mkubwa hakumtazama. “Domitila, neno langu nimeshalitoa. Nimewaambia waondoke.”

“Waondoke,” akasema Shangazi. “Neno lako lisimame. Waende mpaka barabarani, wote, na mshenga wao. Halafu kama kuna wageni watakaokuja kupiga hodi leo, hao ni wengine. Hao bado hujawaambia kitu.”

Baba mkubwa alikaa muda akikuna kidevu. Nilimwona akilizungusha jambo lile kichwani, akitafuta ufa, na mimi nikiomba asiupate. Mwishowe akamwambia mshenga, “Njia mnaijua.” Basi. Hawakujua kama ni ruhusa au ni kufukuzwa mara ya pili. Wakatoka kimya kimya, wakapita kwenye migomba hadi tusiwaone. Ndipo baba mkubwa akanyoosha kikapu bila kumtazama mtu na kusema, “Hiki kimebaki kidogo. Kiongezwe.” Editha akainuka kwenye nyasi, akaanza kujipangusa gauni.

Walirudi. Tuliwasikia kabla hatujawaona, kwa sababu Projestus alianza kusalimia tangu kwenye shamba la kahawa. Koti hakuwa nalo, glovu hakuwa nazo. Aliwaamkia wazee kwa magoti, akaamkia akina mama, akaamkia watoto waliopaswa kumwamkia yeye, akauliza hali ya mbuzi aliowatazama muda wote ule kama adui. Mshenga alimfinya ndipo akanyamaza. Kahawa ilipomfikia alijaza kiganja, akatafuna na maganda yake, akaomba nyingine. Baba mkubwa akamwegemea jirani yake. “Huyu wa sasa ana maneno mengi,” akasema. “Yule wa kwanza alikuwa na utulivu.” Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa, na hapo nikajua tumepona.

Mwali huitwa, anaulizwa kama anawafahamu wageni. Editha akatoka, macho mekundu, akapiga magoti kwenye nyasi. Baba yake akamwuliza, “Mama, watu hawa unawajua?”

“Nawajua, baba.”

“Kuna wengine walipita hapa mapema. Kijana mmoja wa koti jeusi. Huyo naye unamjua?”

“Huyo simjui,” akasema Editha. “Huyo hata sijawahi kumwona.”

Asubuhi yake mimi na Shangazi tulikaa nje na masufuria ya jana, majivu na majani makavu ya migomba ya kusugulia. Jua lilikuwa zuri, kuku wanaokota punje za wali kwenye nyasi tulizozitoa ndani. Nilikuwa na furaha iliyonifanya niseme bila kupima, nikamwuliza alilipataje lile wazo la barabarani, maana mimi niliyesoma sikulipata. Alisugua kwa muda. “Wangu aliingia na viatu,” akasema. “Alikuwa amekulia mjini, hakufundishwa. Aliingia na viatu mpaka kwenye nyasi, mbele ya baba yetu. Wakaambiwa waondoke, wakaondoka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mahali palepale mlipokuwa nyinyi. Nilijua kosa lake ni nini. Hakuna aliyekuja kuniuliza.”

Nilimwuliza kama alimlilia. Nilikuwa mdogo, sikujua kuuliza vizuri zaidi ya hapo.

“Nilimngojea,” akasema. “Nilikaa nikisikiliza njia. Lakini na yeye hakujua kwamba angeweza kufika barabarani tu, akageuka.” Kisha akaniambia niongeze maji kwenye sufuria, ukoko ulikuwa bado haujalainika.